Hao Wana Njaa

Wiki aliyokuja mama mkwe wangu kutoka Pemba, dari ya chumba cha watoto ilikuwa imekwisha anza kukoroma. Sauti ilianza baada ya isha na kunyamaza karibu na alfajiri. Haikuwa ya panya. Panya wa nyumba ile tunawajua kwa mbio zao. Hii ilikuwa pumzi, ndefu na kavu, inavutwa na kuachiwa, inavutwa na kuachiwa, na usiku ukikomaa pumzi zinakuwa mbili, kisha tatu, zinapokezana juu ya vitanda vya wanangu.

Tunakaa Tanga, katika nyumba ya kupanga ya siku nyingi, yenye bati lililoshika kutu na dari ya hadibodi yenye madoa ya masika yaliyopita. Tumo mimi, mume wangu, watoto wetu wawili, na mdogo wa mume wangu, shemeji yangu, mwenye chumba cha uani na pikipiki ya bodaboda. Kifungua mimba wetu ni msichana wa kidato cha pili. Kitinda mimba ni mvulana wa darasa la kwanza, na yeye ndiye aliyetutangazia habari asubuhi moja, andazi mkononi: "Mama, yule mtu wa ukutani amehamia kwetu."

Mtu wa ukutani ni wangu. Ninaandika hadithi za kutisha. Ndiyo kazi yangu, na kila wiki gazeti moja la Dar es Salaam huchapa sehemu ya hadithi yangu ya mfululizo, maneno 1,200, ambayo mhariri huitaka Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Hadithi ya wakati ule ilihusu familia iliyopanga nyumba ya kale Pangani, karibu na pale mto unapoingia baharini, nyumba ya kuta nene za matumbawe na dari ya boriti. Vyumba vya nyumba za namna ile ni vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haina urefu wa kuchagua, na upana wa chumba huamuliwa na urefu wa mti. Wembamba huo ndio ulionivuta. Ukilala mle, ukuta uko karibu na sikio lako. Familia yangu ya Pangani ilikuwa ikisikia kitu kinapumua ndani ya ukuta, na nyumba ya pili alikaa mjane anayepika vitumbua, ambaye wasomaji walikuwa wameshaanza kumtazama kwa jicho baya.

Jumatatu mhariri akaniandikia: "Dada, watu wamesubiri vya kutosha. Wiki hii mtoe mchawi hadharani. Yule bibi wa vitumbua."

Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba simtoi yule bibi. Katika nchi yetu, hasa upande wa Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe miaka nenda miaka rudi. Waliowaua walikuwa wamesikia hadithi kabla hawajashika panga. Kwa hiyo hakuna hadithi yangu yenye kizee mchawi, na haitakuwapo maadamu ninaandika mimi. Lakini kumkatalia mhariri ni jambo moja, kujua kilichomo ukutani ni jambo lingine. Na Jumatatu ile nilikuwa sijui kilichomo.

Mama mkwe alishuka bandarini siku hiyohiyo na kikapu cha halua ya Wete na mfuko wa karafuu. Tukampa kitanda cha kifungua mimba, msichana akatandikiwa godoro chini. Asubuhi nilimkuta jikoni, kilemba kichwani, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Shikamoo, mama. Umelalaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimelala salama. Ila hao wa juu wana njaa."

Akaendelea kuchambua. Mama mkwe wangu hasemi jambo mara mbili. Amelea watoto saba bila kupaza sauti, na alivyo ni kwamba anayetaka kusikia atakuwa amesikia. Alipomaliza chai akajitanda kanga yake, shemeji akampakia kwenye pikipiki, wakaenda Makorora kwa ndugu zake, akalala huko.

Maneno yake nikayafikisha mezani usiku. "Mama anasema hao wa juu wana njaa."

Mume wangu akaweka kijiko chini. Shemeji, ambaye tangu mwanzo alisema ni chatu, akasema sasa hakuna shaka tena, chatu akiwa na njaa hupumua vilevile. Kitinda mimba akauliza wanakula nini. Kifungua mimba hakusema kitu. Alikwenda akarudi na shuka lake na mto wake, akaviweka juu ya kochi la sebuleni. Nimefanya kazi hii kwa miaka, nimeandika kurasa na kurasa kutafuta sentensi moja ya namna ile, nayo imetoka kwa mwanamke anayetoa chuya kwenye mchele, akiwa hana nia ya kumtisha mtu yeyote.

Mume wangu ndiye aliyeshikwa zaidi. Ni mtu wa duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa vipimo na misumari, na wageni hushangaa kwamba mimi ndiye niandikaye vya kutisha na yeye ndiye anayewasha taa kwenda msalani. Sishangai mimi. Alimpoteza baba yake akiwa na miaka tisa, na usiku wa kuamkia msiba bundi alilia juu ya mwembe wa nyuma ya nyumba yao kule Pemba. Hiyo si hadithi ninayoweza kumsimulia kwa namna nyingine akapona.

Jumatano asubuhi akaja fundi. Alikuwa na ngazi, nyundo na tochi, na maelezo kwamba nyumba za zamani ndivyo zilivyo. Akapanda kwenye tundu la dari la koridoni, akatambaa juu ya kenchi kuelekea chumba cha watoto, nasi tukasimama chini tukifuata magoti yake kwa masikio.

"Kuna harufu," akasema.

Kisha: "Kuna mifupa."

Kisha akanyamaza, na pumzi ile, ambayo mchana hatukuwahi kuisikia, ikaanza, si moja, zote kwa pamoja, na ndani yake sauti ya kugonga-gonga, kavu na ya haraka. Fundi akapiga kelele, "Wana nyuso! Wana nyuso nyeupe!" Mguu ukakosa kenchi, ukakanyaga hadibodi, ukapita. Tukauona ukishuka juu ya kitanda cha kitinda mimba mpaka pajani, kandambili ikaangukia juu ya mto wa kulalia, na vumbi la miaka yote ya nyumba ile likatumwagikia. Alijinasua mwenyewe, akashuka ngazi kwa mikono mitupu, akaichukua ngazi, nyundo akaiacha huko juu. Hela hakudai. Juu ya kitanda cha mwanangu kulibaki shimo jeusi la kuweza kupitisha sufuria.

Kabla ya adhuhuri mtaa ulikuwa umejaa mlangoni. Jirani yetu muuza nafaka, mwanamke mkarimu ambaye amenikopesha unga zaidi ya mara moja, alinishika mkono akasema kwa upole kabisa, "Mama, hapa pana mkono wa mtu." Anamfahamu mganga upande wa Muheza. Mwingine akauliza tumegombana na nani. Mwingine akasema hakuna haja ya kugombana, wapo watu wanaochukia tu. Na hapo, bila mtu kuonekana ameamua, mazungumzo yakaanza kutelemka kuelekea mwisho wa mtaa, kwenye kibanda cha bibi mmoja anayeishi peke yake na kuku wake. Anaamka usiku, ikasemwa. Hana mtoto anayemtembelea, ikasemwa. Macho yake je, umeyaona?

Mimi ni mtu wa kusoma. Nikiwa msichana nilisoma Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960, ambamo mpelelezi Bwana Msa na kiko chake wanafika penye mzimu ambao kila mtu anauogopa, na nyuma ya mzimu kumbe yupo binadamu mwenye sababu zake. Kitabu kile ndicho kilichonifundisha kuuliza: hofu hii inamfaa nani, na itamwangukia nani? Sasa nilikuwa nimesimama mlangoni pangu nikisikia hadithi yangu ya Pangani inaandikwa na watu wengine, mchana kweupe, na mjane wangu wa vitumbua amekwisha pewa jina na nyumba.

"Asitajwe mtu," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na wakanyamaza. "Mlangoni pangu asitajwe mtu. Kilichomo darini tutakitazama kwa macho yetu." Jirani muuza nafaka alinitazama kwa huzuni, akaondoka. Wengine wakamfuata. Nilirudi ndani nikakaa juu ya kitanda chenye vumbi nikiwa natetemeka kwa hasira, na juu yangu kimya.

Televisheni ya nyumba yetu ina mgawanyo unaoheshimiwa. Mwisho wa wiki ni wa mpira na wa wanaume. Jioni za kawaida ni za tamthilia. Usiku wa Jumatano ni wangu, na mimi hutazama filamu za kutisha. Nilikulia mbele ya mikanda na sidii za mtaani, katika mabanda ya video ambamo mtafsiri kama Lufufu aliichukua filamu ya kigeni akaifanya ya kwetu, sauti yake moja ikiwa shujaa, adui, mama na mlango unaofunguka. Baadaye zikaja za kwetu wenyewe. Za Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta, ninazo mpaka leo ndani ya makasha yake, nami huzitazama kama fundi cherehani anavyogeuza nguo ya mwenzake kutazama mishono ya ndani. Watu waliozicheka kwa sababu ya damu ya rangi hawakutazama vizuri. Zilitengenezwa kwa fedha kidogo mno, na wasichokuwa nacho wakakifidia kwa vitu ambavyo kila mtazamaji anavyo kwake: kitanda, pazia, kanga, ua lenye taa moja. Mtazamaji akirudi nyumbani, filamu inamsubiri chumbani.

Jumatano hiyo sikuwa peke yangu. Chumba cha watoto kilikuwa na shimo, na hakuna aliyetaka kuwa mbali na mwenzake, kwa hiyo wote tulijipanga sebuleni, sufuria ya bisi katikati. Mama mkwe alikuwa amerudi kutoka Makorora na kukaa kwenye kiti karibu na mlango wa korido, tasbihi mkononi, hana habari na filamu. Tulipomweleza habari ya fundi na mguu wake alisikitikia dari. Habari ya nyuso nyeupe haikumtoa kwenye tasbihi.

Umeme ukaisha katikati ya filamu. Siku nzima ya fundi na majirani hakuna aliyekumbuka kununua. Picha ikazimika, friji ikanyamaza, na katika kile kimya cha nyumba isiyo na umeme tukaisikia pumzi.

Haikutoka juu. Ilitoka koridoni, chini, usawa wa sakafu. Na baina ya pumzi na pumzi kulikuwa na kucha zinazotembea juu ya saruji.

Shemeji yangu ni kijana aliyewahi kumfukuza mwizi kwa miguu mpaka Ngamiani. Alitoka kwa dirisha. Tulimsikia akitua uani na kuangusha ndoo. Mume wangu, ambaye nimekwisha sema alivyo, alifanya jambo ambalo nitalikumbuka kuliko yote ya wiki ile: alipapasa, akaupata mchi uliokuwa umeegemezwa mlangoni mwa jiko, akaja kusimama baina ya watoto na korido. Alikuwa anatetemeka mpaka mchi unagonga ukuta. Hakurudi nyuma hata hatua moja.

Kifungua mimba akawasha tochi ya simu.

Uso ulikuwa mweupe, wa umbo la moyo, una macho mawili meusi ya kung'aa, nao ulikuwa ukiyumba polepole, kulia, kushoto, kulia. Chini ya uso kulikuwa na mwili wa manyoya ya kitoto na miguu mirefu isiyolingana na mwili. Kikafungua mdomo, kikavuta pumzi ile, na pumzi iliyomjaza fundi mzima hofu ikatoka kwenye kiumbe kisichofika magotini kwangu.

"Bundi," mume wangu akasema. Akauinua mchi.

"Weka chini."

Mama mkwe hakuinuka kwa haraka. Alivua kanga ya mabegani, akaikunjua, akairusha, ikamfunika ndege mzima. Akainama, akamkusanya ndani yake na kumpakata. Kukawa kimya. "Nilikwambieni wana njaa," akasema. "Wa kwetu walikaa ghala la mpunga la marehemu. Kila usiku makinda yanadai chakula, mpaka usiku uishe. Nilidhani nyie mmewapangisha wenyewe."

Mume wangu hakushusha mchi. Akasema, taratibu, kwamba ndege huyu halali ndani ya nyumba yenye watoto wake, na mama anajua kwa nini.

Nilitaka kusema kitu, nikanyamaza, kwa sababu maneno yale hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mama na mwanawe, na ya marehemu.

"Baba yako aliuawa na homa," mama mkwe akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimkanda. Siku zote zile za kumkanda, bundi alilia. Mwezi wa kabla yake alilia. Tulipomaliza arubaini alikuwa bado analia, panya walikuwa wengi mwaka ule. Wewe ulimsikia usiku mmoja kwa sababu usiku huo ndio ulikuwa macho."

Akaketi na kanga yake mapajani, na gizani akatusimulia mwaka 1995, ambao watu wa Pemba na Unguja hawahitaji kukumbushwa, mwaka wa uchaguzi na wa Popobawa, jini wa usiku. Nimesoma yaliyoandikwa juu ya hofu ile, lakini sikuwahi kumsikia yeye akiitaja. Alisema wanaume wazima walikuwa hawalali ndani. Walibeba mikeka wakalala nje pamoja, moto umewashwa, wakipeana zamu, na asubuhi kila mmoja anaeleza jinsi mwenzake alivyotokewa. Yeye alilala nje na wanawe kwa sababu jirani zake wote walikuwa nje, na kubaki ndani peke yako ilikuwa ni kujitafutia maneno. "Hilo la kulala nje si baya," akasema. "Tulikuwa pamoja. Baya ni lililofuata. Watu walipochoka kuogopa kitu kisichoonekana, wakamtafuta wa kuonekana." Kule mjini Unguja kundi la watu lilimuua mtu asiye na akili timamu kwa kudhani ndiye Popobawa. "Alikuwa mtoto wa mtu," mama mkwe akasema. "Basi. Nani anapanda?"

Shemeji, aliyekuwa amerudi na kusimama mlangoni, alitazama ukuta. Mume wangu ndiye aliyekwenda kuazima ngazi kwa jirani, usiku ule. Mama yake akamshikia ngazi kwa mkono mmoja na taa ya chemli kwa mwingine, nasi tukamwona akipotea kwenye tundu la dari akiwa na furushi la kanga kifuani. Alikaa huko muda mrefu kuliko uliohitajika. Tulisikia pumzi zikipanda zote kwa mara moja, halafu zikakatika ghafla, na hapana aliyesikia mbawa. Aliposhuka alikuwa na nyundo ya fundi mkononi na kinyesi cha ndege begani.

"Wapo wanne," akasema. "Kila mmoja na ukubwa wake. Mama yao ameingia nikiwa palepale, na panya. Sikumsikia." Akanawa, akaomba wali, akaula wa baridi wote.

Alhamisi nilikwenda kwa bibi wa mwisho wa mtaa kununua mayai, nikakaa naye nje, barazani, mahali pa kuonekana na kila apitaye, mpaka jua likawa kali. Kisha nikarudi kuandika.

Mwandishi ninayemrudia kila ninapokuwa na sehemu ngumu ni Shirley Jackson wa Marekani. Juni 1948 jarida la The New Yorker lilichapa hadithi yake "The Lottery", ya kijiji kinachompiga jirani yake mawe, kwa utaratibu, asubuhi nzuri ya kiangazi. Alieleza mwenyewe kwamba wazo lilimjia akipandisha mlima na kigari cha mtoto kilichobeba binti yake na manunuzi ya siku. Akafika nyumbani, akamweka mtoto ndani ya uzio wake wa kuchezea na mboga ndani ya friji, akakaa akaiandika. Barua za wasomaji waliokasirika zilikuja kwa mamia. Mwanamke huyohuyo, mama wa watoto wanne, aliandika vitabu viwili vya visa vya nyumbani kwake, Life Among the Savages mwaka 1953 na Raising Demons mwaka 1957, kisha mwaka 1959 akatoa The Haunting of Hill House, ambacho kwangu hakijapata mwenzake. Wapo wanaoona ajabu kwamba ni mkono mmoja. Mimi sioni ajabu yoyote. Anayejua kila usiku nani hajarudi, nani ana homa na mlango upi haufungi sawasawa, anajua hofu huingilia wapi. Na aliyewahi kukaa katika mtaa na kuwapenda majirani zake anajua jinsi watu wema wanavyoweza kuokota jiwe.

Niliandika Alhamisi iliyobaki na Ijumaa, mezani jikoni, mama mkwe akipika kando yangu. Pangani ilikuwa bandari ya misafara, ya pembe za ndovu na ya watu waliouzwa. Hilo si la kubuni. Nikajua sasa kilichokuwa kikipumua katika ukuta wangu wa matumbawe. Walikuwa watoto, waliofichwa mle na mtu aliyekusudia kurudi kuwachukua, na hakurudi. Hawakuwa na kisasi na mtu yeyote. Walikuwa na njaa. Na yule mjane wa vitumbua, ambaye kila mpangaji alimwona usiku amesimama karibu na ukuta akinong'ona, ambaye wasomaji walikuwa wanasubiri auawe, alikuwa pale na sahani. Tangu utoto wake, kama mama yake kabla yake, aliweka vitumbua chini ya ukuta kila jioni, na sasa alikuwa amezeeka na mguu ulikuwa mbaya, na kuna jioni alizoshindwa kufika. Sehemu ya wiki hiyo iliishia pale mpangaji, mkono umekwisha inua rungu, anapoiona sahani.

Nilimsomea mama mkwe. Alisikiliza mpaka mwisho huku akikoroga mchuzi, akauliza vitumbua vilikuwa vya mchele au vya ngano. Vya mchele, nikasema. Akaridhika.

Jumamosi niliituma kabla ya wakati. Mhariri hakuandika, alipiga simu. Alikuwa ameisoma kwenye daladala, na kituo chake kilikuwa kimempita. Hakumtaja mchawi tena.

Mchana ule kifungua mimba alipanda darini na barakoa ya kitambaa na mfuko wa plastiki. Alishuka na vidonge vya bundi, vyeusi na vikavu, na kuvipanga juu ya gazeti uani. Bundi humeza windo lake zima, akatueleza, kisha tumbo lake hukusanya mifupa na manyoya yasiyosagika, akayatema. Alivichambua kwa sindano ya bibi yake, na ndani yake mkatoka mafuvu ya panya, mazima, meno ya mbele ya rangi ya chungwa bado yako mahali pake. Alieleza kwa nini hatukusikia mbawa, kwamba manyoya yao yana pindo laini linalokata kelele ya upepo, na kwa nini makinda hayalingani: mama huanza kuatamia yai la kwanza bila kusubiri mengine, hivyo la kwanza hutangulia kuanguliwa. Akamwambia bibi yake kwamba Pemba ina bundi wake mdogo ambaye haishi mahali pengine popote duniani. "Ninamjua," mama mkwe akasema. Shemeji alikuja kutazama mafuvu, akabaki kuyahesabu. Hata kitinda mimba alikaa pale muda mrefu akigeuza fuvu moja mkononi, kisha akaniuliza kama wale watoto wa Pangani watapata kula wiki ijayo. Nikamwahidi.

Jumapili fundi alikuja kuchukua nyundo yake. Mume wangu alimpa na hela ya siku ile, na wakakubaliana kwamba shimo litazibwa makinda yakishajifunza kuruka, si kabla. Mpaka hapo akatuletea kipande cha wavu tukaukaze kwa chini ili asianguke mwingine. Mama mkwe akasema ataondoka kwa meli ya baadaye, anataka kuona wavu umekazwa vizuri.

Jioni akaja jirani muuza nafaka. Alikuwa amesikia habari, maana mtaani mafuvu yale yalikwisha tembea nyumba kwa nyumba mfukoni mwa kitinda mimba. Alikaa ukingoni mwa kiti, akanywa chai, akazungumza juu ya bei ya mahindi, na gunia zima ambalo panya walimharibia mwezi ule. Mwisho akamgeukia mama mkwe.

"Bibi, wale wakikua, nitapata mmoja nimweke ghalani?"

"Hapewi mtu," mama mkwe akamjibu, akimwongezea chai. "Toa ile mbao uliyoziba tundu la juu la ghala. Na usiku usiwashe taa ya nje."